Mshale Unaolala Kushoto

Ukitoa dinamo kwenye gari la zamani na kufunga alteneta yenye nguvu kubwa zaidi, kuna kitu kimoja lazima ukinyamazishe. Hiyo lazima ni ya kifizikia, wala haihusiani na desturi za mafundi: usipokinyamazisha, gari linaweza kuungua. Kitu chenyewe ni mshale mdogo kwenye dashibodi. Swali langu ni hili: ukishaunyamazisha, una haki ya kuuacha pale pale nyuma ya kioo chake, kana kwamba bado unasema?

Najua wasomaji wa hapa mmezoea riwaya na ushairi. Nivumilieni na spana kidogo.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, Series IIA, aina iliyotengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971. Liko Somanda, hapa mjini Bariadi, na mwenyewe ni mzee aliyekuwa dereva wa chama cha ushirika enzi hizo pamba ikiwa pamba kweli. Lilimfikia kwa mnada baada ya kupita mikono kadhaa. Rangi yake ya kijani imebaki sehemu chache tu, bodi ni ya aluminiamu kwa hiyo haiozi, na viti vya nyuma ni mbao alizozipigilia mwenyewe. Ukipita karibu na gereji za huku utaliona. Watoto wanalijua kwa mlio.

Kilicholeta shida ni usiku. Mjukuu wake hulitumia kupeleka bidhaa za wafanyabiashara minadani na kwenye magulio, na wanaporudi ni giza. Anayeujua udongo wa mbuga wa Usukuma wakati wa mvua ataelewa ninachosema: unatambaa na gia ya kwanza, taa zinawaka, waipa zinapiga, injini haizunguki vya kutosha. Dinamo kwenye mwendo huo haitoi kitu cha maana. Kila kinachowaka kinakula betri, na betri ikikata, injini ya petroli nayo inazima, maana plagi zinataka moto. Wameshalala njiani mara mbili. Mara ya pili walikuwa na mama mmoja na mtoto mwenye homa, walioomba lifti.

Kwa hiyo uamuzi wa kubadilisha haukuwa wa mapambo. Fundi alipata alteneta ya Lucas iliyotoka kwenye Land Rover 110, ya ampia 65. Dinamo ya zamani, Lucas pia, ilikuwa ya ampia 22.

Tofauti ya mashine hizi mbili inafurahisha. Kwenye dinamo, koili zinazozaa umeme ndizo zinazozunguka, na sumaku imetulia pembeni. Umeme wote, mzigo mzima, lazima uchukuliwe kutoka kwenye kitu kinachokimbia, kupitia vipande vya kaboni vinavyosugua na kutoa cheche. Na huwezi kukizungusha kwa kasi sana, maana zile koili nzito zitataka kuchomoka. Kwenye alteneta wamebadilishana nafasi. Sumaku ndiyo inazunguka, koili zimetulia ukutani, na kaboni zinapitisha umeme kidogo tu wa kuilisha sumaku. Umeme unaotoka unageuka-geuka, mbele nyuma, kisha daiodi zinaunyoosha uende upande mmoja. Kwa kuwa kinachozunguka ni chepesi, unaweza kukipa puli ndogo kikaenda mbio hata injini ikiwa sailensa. Ndiyo maana gari lenye alteneta linachaji hata likiwa limesimama kwenye foleni, au limekwama kwenye tope.

Hapa wapenda falsafa watanikatisha na kuniuliza kuhusu meli ya Theseus. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliitunza meli hiyo kwa kutoa mbao zilizooza na kuweka mpya, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni ile ile. Mwaka 1655 Hobbes, katika kitabu chake *De Corpore*, akaongeza chumvi: vipi kama kuna mtu alikuwa anaziokota zile mbao kuukuu na kuunga nazo meli nyingine? Ipi ni ya Theseus?

Kwa bahati, huyo mwokotaji wa Hobbes tunaye. Kuna mnunuzi kutoka Arusha ambaye amekuwa akiliwinda gari la mzee kwa miaka miwili. Tangu tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024, ambapo magari hayo yalijitokeza kwa mamia, watu wa namna yake wameongezeka. Yeye anataka gari likiwa na vitu vyake vya mwanzo. Alipopigiwa simu na mjukuu kuambiwa dinamo inatolewa, alisema bei imeshuka, halafu kwa pumzi hiyo hiyo akauliza dinamo yenyewe itauzwa shilingi ngapi.

Mimi ubishi wa meli haunisumbui. Kule Theseus hayupo tena melini. Meli imefungwa, inatazamwa, na waliosimama kuitazama wana nafasi ya kubishana. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yana magari yaliyowahi kubeba viongozi wa nchi hii, likiwemo Rolls-Royce, na hakuna anayedai mishale ya dashibodi zake ifanye kazi. Hayaendi popote, na kila anayeingia mle ndani anajua hivyo. Gari la Somanda linatoka usiku na watu nyuma. Kwa gari kama hilo, kuuliza kama "ni lile lile" ni anasa. Kabla ya hapo uliza kama linaweza kuubeba mzigo ulioongezewa, na kama litakuambia likishindwa.

Tuje kwenye nyaya.

Waya unaotoka kwenye dinamo kwenda kwenye betri ulipimwa kwa ampia 22 na ziada kidogo. Joto ndani ya waya haliongezeki sambamba na umeme. Linaongezeka kwa kipeo cha pili. Ukizidisha umeme mara mbili, joto ni mara nne. Kutoka 22 kwenda 65 ni karibu mara tatu, kwa hiyo joto kwenye waya ule ule linakuwa karibu mara tisa. Na waya wenyewe una miaka sitini, ngozi yake ya nje imekauka, sehemu nyingine imefungwa na plasta.

Ila kuna jambo ambalo watu wengi hawalielewi, na lilinichukua muda kulielewa. Alteneta ya ampia 65 haisukumi ampia 65. Inatoa kile kinachoombwa. Mchana, betri imejaa, taa zimezimwa, waya wa zamani unapitisha umeme kidogo tu na huoni tatizo lolote. Unaweza kukaa miezi. Siku betri ikiwa imeisha, mvua inanyesha, taa zote zinawaka, ndipo alteneta inaombwa yote iliyonayo, na ndipo waya unayeyuka. Yaani kasoro imejificha kwa ajili ya usiku ule ule ambao alteneta ilinunuliwa kwa sababu yake. Kwa hiyo fundi akisema "nimelijaribu, liko poa," anasema kweli, na kweli yake haikusaidii.

Fundi wetu si mtu wa namna hiyo, nimpe haki yake. Alichukua kebo nene ya mashine ya kuchomelea, akaiunga kutoka kwenye alteneta moja kwa moja hadi kwenye betri, akaweka fyuzi kubwa karibu na betri. Kingine alichofanya ni kugeuza betri. Land Rover za kabla ya 1967 ziliungwa chanya kwenye bodi, kinyume na karibu magari yote unayoyaona leo barabarani, na alteneta ikiungwa hivyo daiodi zake zinaungua papo hapo. Akageuza vichwa vya betri, akageuza nyaya za koili ya moto, kisha akachukua brashi na rangi nyeupe, akaandika chini ya boneti kwa herufi kubwa: HASI KWENYE BODI. Nilimuuliza anamwandikia nani, maana mzee anajua na yeye anajua. Akasema, "Atakayekuja kubusti." Mtu mmoja asiyejulikana, porini, usiku, na nyaya mkononi. Fundi alikuwa tayari amemfikiria.

Ndiyo maana kilichofuata kilinishangaza.

Kwenye dashibodi ya gari lile kuna kisaa cha ampia. Mshale unakaa katikati kwenye sifuri. Ukienda kulia betri inaingiza, ukienda kushoto betri inatoa, na mwisho wa kila upande ni 30. Kwa jinsi gari lilivyoungwa kiwandani, karibu umeme wote ulioingia na kutoka kwenye betri, ukiacha wa stata, ulipita ndani ya kisaa hicho. Ndiyo sababu kilikuwa hakikosei. Kilikuwa kinaupima mto kwa kusimama katikati ya mto. Lakini kisaa cha 30 huwezi kukipitishia 65. Kikiachwa kwenye njia kuu kitapata moto, nacho kiko sentimita chache kutoka kwenye magoti ya dereva. Kwa hiyo lazima kitolewe njiani. Ndicho hicho kitu cha kunyamazishwa.

Fundi alipanga kuzichomoa nyaya zake mbili, aziunganishe pamoja kwa nyuma, na kisaa akiache kwenye tundu lake. "Muonekano usiharibike," alisema. Mshale ungesimama kwenye sifuri milele.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, miguu nje. Akauliza, "Sasa nitajuaje?"

"Taa nyekundu ipo, babu. Ikiwaka ujue haichaji."

"Na isipowaka?"

"Ujue inachaji."

Mzee akanyamaza. Kisha akasema tena kitu kile kile, polepole zaidi, kama mtu anayedhani hajasikika. Nitajuaje.

Nimelifikiria swali hilo kuliko nilivyotegemea. Sehemu ya jibu iko kwenye taa yenyewe. Kwenye alteneta ya aina hii, taa ya chaji hailetwi pale kuangalia tu. Ukifungua swichi, umeme kidogo unapita kwenye kibalbu hicho kwenda kuiamsha sumaku. Bila kibalbu, alteneta inaweza kukaa imelala mpaka uikanyagie injini sana. Ikishaanza kuzalisha, nguvu ya umeme inakuwa sawa pande zote mbili za balbu, hakuna kinachopita, taa inazimika. Kwa hiyo shahidi huyu amehusika na tendo analolishuhudia. Hilo peke yake siyo baya. Ubaya ni kwamba kimya chake kina maana mbili. Taa iliyozimika kwa sababu mambo ni mazuri, na taa iliyozimika kwa sababu imeungua, zinafanana kabisa. Dereva anayejua kazi anaijaribu kabla ya safari: anafungua swichi bila kuwasha injini, na kama taa haijawaka, hatoki. Anamhoji shahidi kabla hajamhitaji. Wangapi wanafanya hivyo asubuhi? Mimi naandika habari kwa mshahara, na najua chumba cha habari kilichokaa kimya kwa sababu hakuna kilichotokea, na kile kilichokaa kimya kwa sababu balbu imeungua. Msomaji aliye nje hawezi kutofautisha.

Taa inajua ndiyo na hapana tu. Mshale ulikuwa unajua kiasi. Mzee huyu miaka yote aliendesha kwa jicho moja barabarani na jingine kwenye mshale, akizima taa ndogo pale ulipolala sana kushoto, akishusha gia ili injini iimbe zaidi na dinamo ipate pumzi. Alikuwa na mazungumzo na gari. Sasa amepewa nguvu mara tatu na ameambiwa hahitaji kuzungumza.

Fundi alijitetea, na utetezi wake ulikuwa mzuri kuliko nilivyotaka uwe. Kwanza alisema abiria hawasafiri na mshale, wanasafiri na taa za mbele zinazowaka. Kisha akageukia kwangu: "Mwandishi, magari ya kisasa mshale wa joto unakaa katikati muda wote. Unafikiri joto halipandi?" Na ni kweli. Magari mengi ya siku hizi yametengenezwa hivyo kwa makusudi: joto la maji likipanda na kushuka nyuzi kadhaa, mshale unaachwa pale pale katikati, ili dereva asihangaike. Unasogea pale tu hatari inapokuwa imeshafika. Watengenezaji wakubwa duniani, wenye maabara na wanasheria, wamekubaliana kwamba dereva ni mtu wa kutulizwa. Sasa fundi wa Somanda, chini ya mwarobaini, yeye awe na ukali kuliko wao kwa nini?

Nadhani kwa sababu mzee aliuliza. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona, na sitaificha ndani ya maneno makubwa. Kutokujua ni hali ya kawaida ya binadamu. Gari lisilo na mshale kabisa halimdanganyi mtu. Tundu tupu kwenye dashibodi ni la kweli. Linasema: hapa palikuwa na kitu, sasa hakipo, kuwa macho. Mshale uliosimama kwenye sifuri unasema jambo lingine. Unasema nimeangalia, na hakuna linaloingia wala kutoka. Huo ni ushahidi wa uongo hata kama aliyeuweka alitaka muonekano tu. Na atakayeuamini si mzee, ambaye ameambiwa. Ni mjukuu miaka mitano baadaye, au dereva wa kuazima, au huyo mtu wa Arusha siku akifanikiwa. Ajabu ni kwamba fundi aliyemwandikia mgeni kwa rangi nyeupe chini ya boneti, ndiye huyo huyo aliyekuwa tayari kumdanganya mgeni mwingine kwenye dashibodi. Chini ya boneti anafikiria mafundi wenzake. Kwenye dashibodi anafikiria wateja. Sidhani ni yeye peke yake.

Katika *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, wajumbe wanatumwa pande zote kutafuta maarifa, na wanaporudi na habari za mapungufu ya nchi yao wanatupwa gerezani. Tukiwafundisha watoto kitabu hiki tunasisitiza ukatili. Mimi siku hizi naona jambo la pili: Wasadikika wanaendelea na baraza lao. Kiti kipo, mfalme yupo, washauri wapo, mashtaka yanasomwa. Vyombo vyote vya kujulia viko mahali pake kwa macho. Kilichokatwa ni waya wa nyuma.

Huku kwetu tuna mfano ulio karibu zaidi, na mzee ndiye aliyeuleta, si mimi. Ni mizani ya pamba. Vyama vya ushirika vya Usukuma vilipoanza kupata nguvu miaka ya 1950, mpaka kuzaliwa kwa Victoria Federation of Co-operative Unions iliyoongozwa na Paul Bomani, lalamiko moja kubwa la wakulima lilikuwa mizani ya wanunuzi. Mkulima analeta pamba aliyoipalilia msimu mzima, inatundikwa, mshale unazunguka, na mwenye mizani ndiye anayesoma. Mkulima hakudai mizani iondolewe. Alidai awe na mtu wake wa kuisoma. Mzee alikuwa mtoto wakati huo. Anakumbuka baba yake akirudi nyumbani na kuliweka gunia tupu mlangoni bila kusema kitu, na mama yake akijua kwa kimya hicho kwamba mshale umesoma kidogo tena. "Ushirika ulianza kwa mshale," aliniambia. Wanahistoria watataka kuongeza mambo mengine. Mimi niliandika kama alivyosema.

Basi tukakaa mchana mzima tukijadili kisaa cha ampia.

Njia ya kwanza ilikuwa kukitoa na kuweka kisaa cha volti. Hii ndiyo ambayo vitabu vya mafundi hupendekeza, na kwa kweli ni ya busara. Kisaa cha volti hakihitaji kusimama katikati ya mto. Kinagusa maji pembeni tu kwa waya mwembamba. Injini ikiwa imezimwa na betri ni nzima, kinasoma kama 12 na nusu. Alteneta ikichaji, 14 au pungufu kidogo. Kikishuka chini ya 12 ukiwa njiani, umepata jibu. Mjukuu aliipenda. Mzee aliikataa kwa sababu ambayo kila mtu aliyefikisha umri fulani ataielewa: hakutaka kujifunza lugha mpya ya kuongea na gari lake.

Njia ya pili fundi aliitaja kwa shingo upande, maana aliona ni ya ovyo. Kebo nene imeshapeleka umeme wa alteneta moja kwa moja kwenye betri. Lakini vitu vya dashibodi, taa, waipa, koili ya moto, bado vinachukua umeme wao kutoka kwenye betri kwa njia ya zamani. Ukikiacha kisaa kwenye njia hiyo ya zamani, kitapitisha matumizi tu, ambayo kinayamudu bila shida. Mshale utakuwa hai. Ila hautaenda kulia tena kamwe. Hata alteneta ikimwaga umeme kwenye betri mpaka ishibe, mshale utalala kushoto, kwa sababu unachokiona ni kinachotoka tu. Kinachoingia kinapita mlango mwingine. "Dereva yeyote atadhani gari halichaji," fundi alisema. "Nitapigiwa simu kila siku."

Kifalsafa njia hii ndiyo ngumu kuliko zote. Mshale uliokufa ni uongo mtupu, unaweza kuukataa bila kufikiri sana. Huu wa pili unasema kweli, lakini kweli ya swali lingine. Aliyezoea kuuliza "nina nini?" anajibiwa "unatumia nini." Na majibu ya namna hii ndiyo yanayotuzunguka. Ripoti inayosema fedha zote zimetumika ni ya kweli, na aliyetaka kujua kama kisima kina maji hajajibiwa. Sikuwa na uhakika kama ningemshauri mtu akae na chombo kama hicho. Chombo kinachojibu swali ambalo hukuuliza kinaweza kukupoteza kuliko kile kisichojibu kabisa.

Mzee alimsikiliza fundi akieleza mara mbili. Kisha akasema, "Kwa hiyo sasa huu mshale utaniambia ninachokula. Hautaniambia ninachovuna."

"Ndiyo hivyo, babu."

"Na taa itaniambia kama nimevuna au sijavuna."

"Ndiyo."

"Basi nimeelewa. Uache."

Nilitaka kuandika kwamba hapo jambo liliisha vizuri, lakini lilibaki na makunyanzi. Fundi alisisitiza kwamba kama kisaa kinaachwa hivyo, lazima kiandikwe, na safari hii sikumkumbusha mtu. Akakata plasta nyeupe, akaibandika chini ya kioo, akaandika kwa kalamu: MATUMIZI TU. Mjukuu aliichukia mara moja. Alisema inaharibu dashibodi, gari linaonekana bovu, na mteja akikaa mbele ataona mshale umelala kushoto safari nzima na kuanza kuogopa. Kwa upande wa biashara ana hoja. Yule wa Arusha, alipotumiwa picha, alijibu kwa sauti ya kwenye simu kwamba plasta ni bora itolewe kabla hajaja kuliona.

Dinamo ilifungwa kwenye gunia la pamba na kupelekwa stendi. Hobbes angefurahi. Sijui kama inaelekea kwenye gari gani huko, na kama mshale wa gari hilo bado umeungwa kwa nyuma.

Malipo yalileta mvutano mdogo. Fundi alitoza alteneta, kebo, fyuzi, kuchomelea bano, na kazi. Mzee akauliza mbona hajatoza plasta na yale maandishi ya chini ya boneti. Fundi akacheka, akasema hayo hayana bei. Mzee akaongeza shilingi elfu mbili juu, akamwambia yana bei.

Jioni waliliwasha. Swichi ikafunguliwa, taa nyekundu ikawaka. Stata ikapiga, injini ikashika, taa ikazimika. Mshale ukalala kushoto kidogo tu. Mzee akawasha taa kubwa, ukalala zaidi, zaidi ya 10. Akazima, ukarudi. Akawasha tena. Mjukuu akauliza atawaambia nini wateja wakiona mshale umelala vile.

"Watauliza," mzee akasema, na akawasha taa mara ya tatu.